Uzi: Tulikaa watu tisa kulinganisha DAC nne za bei ya juu. Kilichotuponza ni midomo yetu, masikio hayakuwa na kosa

Mleta uzi

Wakuu, habari za wakati huu. Niliahidi kwamba tukimaliza kikao chetu cha kusikiliza DAC nitaleta majibu hapa. Nimechelewa kwa sababu kikao kilibidi kirudiwe. Cha kwanza tulikiharibu wenyewe, na namna tulivyokiharibu ndiyo nataka niieleze kwa kirefu, kwani naamini vikao vingi vya aina hii vinaharibika vivyo hivyo na waliokaa hawajui.

Kwa mgeni wa mambo haya: DAC ni kifaa kinachopokea namba kutoka kwenye kompyuta au deki ya CD na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka. Amplifaya inaukuza, spika inautoa kama sauti. Hata simu yako inayo ndani. Tunazozungumzia hapa ni zile zinazokaa peke yake kwenye boksi lake, zenye ugavi wake wa umeme na saa yake ya kupangia mwendo wa namba, na zinazomlazimu mtu kujibana miezi kadhaa kabla ya kuinunua.

Majina ya kampuni sitayataja, na naomba msinilazimishe. Nikitaja tu, uzi utageuka vita ya wenye vifaa. Nitataja aina. A ni ngazi ya rezista, ile wanayoiita R-2R, na haina filta ya kidijitali, yaani hesabu ya kulainisha wimbi kati ya namba na namba: inatoa namba kama zilivyokuja. B ni ngazi ya rezista pia, ila ina filta. C inatumia chipu ya delta-sigma, kama zilivyo nyingi siku hizi. D haitumii chipu ya DAC ya dukani. Mtengenezaji ameandika kila kitu mwenyewe ndani ya FPGA, chipu tupu ambayo mtengenezaji anaipanga mwenyewe, na filta yake ni ndefu sana.

Kikao cha kwanza kilikuwa hivi. Vifaa vinne mezani, wazi, taa zinawaka. Tumekaa nusu duara. Mwenye A akawasha cha kwake kwanza, sauti ya mwanamke na gitaa, na hazikupita sekunde ishirini akasema, "Sikieni hewa iliyomzunguka huyu dada." Basi. Kuanzia hapo wote tukaisikia hewa. Hata mimi niliisikia, na sikuwa najifanya. Tulipohamia C, mwingine akakunja uso akasema, "Mbona kavu?" Wote tukaona ukavu.

Kila mmoja alikuwa na karatasi ya kuandika maoni. Usiku nilizikusanya nikazisoma zote tisa kwa mpigo. Karatasi saba zina neno "hewa" kwenye A. Sita zina neno "kavu" kwenye C. Watu saba tofauti, wenye masikio tofauti na ladha tofauti za muziki, kweli wangelifikia neno lile lile kila mmoja kivyake? Nilikaa nalo muda mrefu. Nikaamka nikachukua maltimita.

Nikacheza mlio wa hezi 100 kwenye kila DAC na kupima volti zinazotoka. Hezi 100 kwa sababu maltimita za kawaida zinapima vizuri masafa ya chini. Ukipanda sana namba zinaanza kudanganya. C ilitoa volti 1.98. D 2.02. B 2.12. A ilitoa 2.31.

Kati ya 2.31 na 1.98 ni desibeli 1.3, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Ukimchezea mtu kitu kile kile mara mbili, cha pili kimeongezwa desibeli moja, kwa kawaida hatakwambia "umeongeza sauti". Atakwambia cha pili kina uhai zaidi, besi imeshiba, mwimbaji amesogea mbele. Sikio halisikii masafa yote sawasawa, na kadiri sauti inavyopungua ndivyo linavyozidi kupoteza besi. Watafiti Fletcher na Munson walilipima hilo tangu 1933. Kwa hiyo hewa ya A huenda ilikuwa volti tu. Au huenda haikuwa. Kwa kikao kile hakuna ambaye angeweza kujua, na ndicho kilichoniuma: tulikuwa tumekusanya vifaa vya hali ya juu na siku nzima ya watu tisa, na hatukutoka na jibu lolote.

---

Mleta uzi (sehemu ya pili)

Naendelea. Kikao cha pili tulirudi watu sita na kilichukua siku mbili.

Kwanza tukasawazisha sauti. D ina kidhibiti chake. A na B hazina, kwa hiyo kila chaneli tuliiwekea kipunguza sauti cha rezista mbili, tukashusha zote hadi kufikia C. Lengo lilikuwa tofauti isizidi desibeli 0.1. Kwa lugha ya maltimita, kama moja inatoa volti 2.00, nyingine isizidi 2.02.

Tukafunika vifaa kwa shuka tukadhani tumemaliza. Jaribio la tatu tu, mmoja wetu akawa anapatia kila mara. Tulimshangaa, tukampongeza, halafu mwenyewe kwa uungwana akasema, "Sisikilizi muziki. Nasikiliza rilei, ile swichi ya ndani." A kila inapopokea ishara upya inatoa mlio mdogo, *tik*, kutoka chini ya shuka. C hailii. Alama zake tukazifuta, vifaa vyote vikahamia chumba cha pili, mlango ukafungwa.

Ikaja D. Filta yake ndefu inachelewesha sauti. Kompyuta inalisha zote kwa pamoja, lakini ukihama kutoka C kwenda D katikati ya wimbo, mwimbaji anarudia silabi aliyokwisha kuitamka. Ukirudi C, anaruka silabi. Mtoto mdogo angeijua D kwa hilo bila kujali ubora wake. Tukaacha kubadilisha katikati. Kila kipande kikaanza upya, na mwanzoni tukaweka sekunde tatu za ukimya ili DAC yoyote inayochelewa kushika ishara isile sauti ya kwanza.

Aliyekuwa anabadilisha alikaa chumba cha vifaa, anarusha sarafu kupata zamu, hamuoni msikilizaji wala msikilizaji hamuoni. Msikilizaji aliingia mmoja mmoja na kukaa kiti cha katikati. Wengine walisubiri nje, na sheria ilikuwa kali: ukitoka huongei. Usigune, usitikise kichwa, usicheke. Hiyo ndiyo ilikuwa ngumu kuliko zote. Mtu ametoka mle ndani amejaa maneno, na anatakiwa aandike tu na kukunja karatasi.

Kazi yenyewe: unasikia A, unasikia C, halafu unasikia X, nawe useme X ni ipi. Mara 16 kwa kila jozi. Ukibahatisha tu, nafasi ya kupata 12 au zaidi ni chini ya asilimia 4, hivyo 12 tukaiweka kuwa alama ya kufaulu. Tulifanya jozi tatu: A na C, B na C, C na D.

B na C: mmoja alipata 12, wengine walizunguka katikati. C na D: hakuna aliyefika 12. Kabla hamjashangilia huyo mmoja, hesabu inasema hivi: ukiwa na watu sita na jozi tatu, hayo ni majaribio 18, na uwezekano wa walau mtu mmoja kugonga 12 kwa bahati tupu ni karibu nusu kwa nusu. Tukamwomba arudie. Akapata 7.

A na C: wanne walifaulu. Mwenye A alipata 15.

---

Mchangiaji

Mkuu heshima yako kwa kazi hii. Lakini hapo mwisho umeturusha roho. Kwa hiyo hewa ilikuwepo?

---

Mleta uzi

Kitu kilikuwepo, ndiyo. Ilibaki kujua ni kitu gani, na hapa ndipo niliposisimka kuliko sehemu nyingine yoyote ya zoezi.

DAC isiyo na filta inashikilia kila namba mpaka namba inayofuata ifike, kama ngazi za jengo. Umbo hilo la ngazi linakula masafa ya juu kwa kiasi kinachojulikana, si suala la maoni. Kwa rekodi ya CD yenye sampuli, yaani namba, 44,100 kwa sekunde, ukifika hezi 10,000 umepoteza desibeli 0.75 hivi. Ukifika hezi 20,000 umepoteza kama 3.2. DAC zenye filta zinarekebisha hilo, A hairekebishi. Niliwauliza wale wanne kila mmoja peke yake walikuwa wanashika nini. Watatu walisema matoazi: kwenye C yana ncha, kwenye A yamelainika.

Tukatengeneza faili jipya. Kipande kile kile, tukakipunguza kwa mchoro ule ule wa A, robo tatu ya desibeli hapa, desibeli tatu kule juu kabisa, tukakicheza kupitia C. Halafu A yenyewe ikacheza faili la asili. Mwenye A, yule wa 15, safari hii alipata 9.

Kwa hiyo anachokipenda kipo na masikio yake ni mazima. Ila kile tulichokiita hewa siku ya kwanza, kwa sehemu kubwa, ni trebo, yaani masafa ya juu, iliyoshushwa kidogo pamoja na sauti iliyopandishwa kidogo. Namheshimu zaidi baada ya kikao kuliko kabla.

---

Mchangiaji mwingine

Mimi napinga kwa heshima. Majaribio haya ya X ni presha, mtu yuko kama kwenye chumba cha mtihani. DAC nzuri unaijua baada ya wiki mbili nyumbani, unaposikiliza bila kuchoka. Vipande vya sekunde ishirini haviwezi kuonyesha hilo. Na utafiti upo unaoonyesha watu wanasikia tofauti za rekodi za ubora wa juu.

---

Mleta uzi

Hoja yako ni ya haki na nilikuwa naisubiri.

Kuhusu utafiti: watafiti Meyer na Moran mwaka 2007 walichukua rekodi za ubora wa juu, wakazipitisha kwenye kizingiti kinachozishusha hadi kiwango cha CD, biti 16 na sampuli 44,100, wakauliza watu kama wanasikia kizingiti kimewekwa au la. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Hiyo ni sarafu. Mwaka 2016 mtafiti Reiss alikusanya majaribio 18 ya watafiti mbalimbali, zaidi ya mara 12,500 kwa jumla, akapata majibu sahihi asilimia 52.3; kwa waliofundishwa kusikiliza ikapanda mpaka 62.3. Kwa hiyo upande wako una kitu mkononi: tofauti inaweza kuwepo, na mafunzo yanasaidia. Lakini tazama ukubwa wake. Mtu anayesema "nilipochomeka tu mke wangu akasikia kutoka jikoni" hazungumzii jambo la asilimia 52.

Kuhusu wiki mbili: sikukatalii hata kidogo. Jaribu hivyo, ila funika. Mpe ndugu yako DAC mbili zilizosawazishwa volti, akuchomekee moja nyuma ya kabati, ukae nayo wiki, abadilishe au asibadilishe, uandike kila Jumapili ni ipi. Hakuna presha, hakuna sekunde ishirini. Ukiifanya ulete majibu hapa, mimi nitakuwa wa kwanza kuyasoma. Ninachokikataa ni wiki mbili ambazo kila siku unaliona boksi na kukumbuka ulivyojibana kulinunua.

---

Mchangiaji (fundi)

Naomba kuongeza kitu ambacho hamkukigusa. Kuna tofauti ya kweli kati ya DAC ambayo mlio wa hezi 100 hauwezi kuionyesha: rekodi zilizokandamizwa, yaani zilizobanwa ili zisikike kwa kelele muda wote, zikafika juu kabisa. Namba zenyewe zinaishia kwenye kikomo, lakini wimbi linalopita *kati* ya namba mbili linaweza kupanda juu ya kikomo hicho. Filta ikikokotoa wimbi hilo na haina nafasi ya ziada, inakata kichwa. Kampuni ya Benchmark, kwa mfano, wameacha nafasi ya desibeli 3.5 kwenye DAC zao kwa ajili hiyo. Wengine hawajaacha. Chukueni rekodi yenye makelele, mshushe sauti desibeli 4 kwenye programu ya kuchezea, halafu mpandishe kwenye amplifaya. Kama ukali unapungua, mmejua tatizo.

---

Mleta uzi

Fundi, asante sana. Vipande vyetu vitatu vyote vilikuwa rekodi tulivu: sauti na gitaa, piano peke yake, bendi ndogo ya matoazi na besi. Hatukuweka hata kimoja kilichokandamizwa. Ni pengo na nalikubali. Kikao kijacho kitakuwa nacho.

---

Mchangiaji mpya

Samahani wakuu, swali la mwanafunzi. Hii ngazi ya rezista na delta-sigma zinatofautianaje? Watu wanasema ngazi ndiyo "muziki halisi".

---

Fundi

Karibu, hakuna swali la kuombea samahani hapa. Ngazi inafanya kile unachokifikiria: kila biti ina swichi yake na rezista zake, biti kubwa inaongeza umeme mwingi, ndogo inaongeza kidogo. Nzuri kwa macho, ngumu kuitengeneza. Biti 16 ni hatua 65,536. Ukinunua rezista zenye kosa la asilimia 0.01, ambazo ni nzuri sana, hilo ni kosa la sehemu moja ya 10,000. Yaani biti kubwa ikikosea kwa kiasi hicho, biti ndogo za chini kabisa zinamezwa. Ndiyo maana ngazi za bei ya juu zinapimwa rezista moja moja, zinasahihishwa kwa programu, au zinapangwa ngazi kadhaa sambamba.

Delta-sigma inakwepa tatizo hilo. Badala ya hatua nyingi inatumia chache, lakini kwa kasi kubwa mno, na kelele inayotokana na uchache huo inasukumwa juu ya masafa tunayoyasikia.

Ugumu huu ni wa tangu mwanzo. CDP-101, deki ya CD ya Sony ya mwaka 1982, ilikuwa na DAC moja tu inayohudumia kushoto na kulia kwa zamu, chaneli moja ikichelewa kama sehemu 11 za milioni ya sekunde. Philips nao walianza na chipu ya biti 14 wakaisaidia kwa kuongeza sampuli mara nne. Leo delta-sigma nzuri ina kelele ndogo kuliko pumzi yako ndani ya chumba. "Halisi" ni neno la hisia, siyo la saketi.

---

Mchangiaji

Na chumba je? Spika?

---

Mleta uzi

Chumba kinashinda yote. Nilipima kwa maikrofoni: kusogeza kiti nusu mita kulibadilisha besi fulani kwa desibeli 6. Tumekaa siku mbili tunatafuta robo tatu ya desibeli. Ndiyo sababu kiti kilikuwa kimoja na miguu yake tuliichorea chaki sakafuni.

---

Mwenye A

Wakuu, mimi ndiye mwenye A. Nimesoma uzi wote kimya, leo naomba niseme.

Yule aliyesema "sikieni hewa" ni mimi. Sikuwa na nia ya kumshawishi mtu. Nilikuwa nimeifurahia na nikataka wenzangu waifurahie. Lakini nikikumbuka, wale wengine hawakupata hata dakika ya kusikia wenyewe kabla ya mimi kuwasikilizia. Kwa hilo nawaomba radhi.

Kuhusu lile faili lililoshushwa trebo: nilikuwa kiti cha katikati, macho nimefumba, kipande cha piano. Nikaandika "hii ni ya kwangu" na nikapigia mstari chini kwa furaha. Ilikuwa C. Nilipooneshwa karatasi nilinyamaza muda.

A siiuzi. Inanipendeza jioni, na sasa najua inanipendeza kwa nini. Ila juzi nimeweka ule mchoro wa trebo kwenye simu yangu, kwa hedifoni za kawaida, na nimeutumia safari nzima ya basi bila kuuondoa.

---

Mleta uzi

Radhi haihitajiki, mkuu. Ungenyamaza wewe ningesema mimi. Neno lilikuwa limeshanifika mdomoni.

Kikao kijacho tunaongeza rekodi zilizokandamizwa kama alivyoshauri fundi. Mwenye DAC ya toleo la chipu ya AKM, kampuni ya Japani inayotengeneza chipu, na mwenzake mwenye toleo la baadaye la modeli hiyo hiyo lililobadilishiwa chipu baada ya moto wa kiwanda cha AKM huko Nobeoka, Oktoba 2020, tafadhali jitokezeni. Boksi moja, chipu mbili, ndiyo jozi ninayoitamani kuliko zote. Maltimita, shuka na chaki vipo. Karatasi zitagawiwa mlangoni, na maongezi ni baada ya karatasi ya mwisho kukunjwa.